Mfarishi Nambari Kumi na Saba

Tuliondoka Njombe saa kumi na moja alfajiri,
shangazi na mimi, na chupa ya chai katikati yetu
kama mtoto asiyelipiwa nauli.
Makambako upepo ulitikisa vioo. Hakusema neno
mpaka mawe ya Iringa yalipotokea juu ya mji,
yamekaa kama watu wanaongoja kuitwa majina.

Julai. Baridi ya kung'ata masikio.
Ndani ya jengo la kale wametundika mifarishi,
mablanketi ya viraka ya nyanda zetu za juu.
Kiingilio elfu mbili, wazee bure.
Shangazi akadai tiketi yake hata hivyo:
ya bure nayo ina karatasi.

"Ukuta nao unasikia baridi?" aliuliza.
Mlinzi, kijana, *Erasto Kikoti* kifuani,
alicheka, kisha akakumbuka kazi.
"Msiguse, tafadhali."

Tukapita. Kaniki. Bitana ya koti la mchungaji.
Gunia la unga, herufi zake zimefifia.
Suruali ya mtu aliyekwenda Tanga kukata mkonge,
ikarudi yenyewe.
Nilisoma vibandiko kwa sauti,
maana shangazi ana mtoto wa jicho, kulia na kushoto,
rangi anaziona kama moto nyuma ya moshi.

Nambari kumi na saba.
*Mfarishi. Makete. Miaka ya hamsini.
Mshonaji hajulikani.*

"Hajulikani na nani?"

Akasogea. Erasto akafungua mdomo,
akaufunga,
akaenda kukagua dirisha lisilo na kasoro.

Vidole vilivyozeeka na jembe, kimoja hakikunjiki,
vikatembea juu ya uzi:
mfupi, mfupi, mrefu. Mfupi, mfupi, mrefu.
"Huyu anachechemea," alisema.
"Huyu ni Yusta Luvanda. Alishona kama alivyotembea."

Nilikuwa nimeandaa leso.
Lakini yeye alikwama kwenye kiraka kimoja, samawati,
maua meupe madogo, upana wa kiganja, karibu na pindo.
Akakisugua. Akakinusa, Mungu wangu, mbele za watu.

"Gauni la mama."

Gauni lililopotea kambani
mwaka ule viazi vilipooza ardhini.
Mama alimshuku mbwa. Alishuku upepo.
"Akamchapa baba yako, bure.
Na Yusta akaja kutoa pole, akanywa uji wetu,
akasema dunia imeharibika."

Mwizi kafa, mwenye mali kafa,
aliyechapwa tulimzika mwaka juzi,
na ushahidi uko hapa, umewashiwa taa,
watu wanaulipia kiingilio.

Nilidhani atacheka. Nilidhani atalia.
Alisimama tu, kiganja kwenye samawati,
kama anayepima homa ya mtoto.
"Alikuwa na watoto saba na blanketi moja," alisema,
si kwangu. Labda kwa mama yake.

Kisha akageuka:
"Kamwene, mwanangu. Una kalamu?"

Kalamu ilikuwapo; karatasi hakuna.
Shangazi akatoa tiketi yake.
"Andika: Yusta Luvanda, wa ng'ambo ya mto."
Erasto akaandika, ameegemea ukuta, ulimi nje kidogo.
"Umemaliza?"
"Nimemaliza, bibi."
"Sasa shuka mstari.
Kiraka cha samawati kiandike peke yake.
Damari Tweve. Alikuwa mrefu.
Gauni lilimfika hapa."

Akaonyesha kwenye muundi wake mwenyewe,
na kijana akainama, kalamu mkononi,
aone vizuri ni hapa wapi.